Anti Jibu: Seiko Matsuda, kigori wa 1980 aliyegoma kustaafu

Jamani wasomaji wangu mna mambo. Toleo lililopita niligusia kwa mistari michache tu ile klipu ya Hanni wa NewJeans, lile kundi la Korea, alivyosimama Tokyo Dome Juni 2024 akaimba wimbo wa Kijapani wa mwaka 1980 na ukumbi mzima ukapagawa, wababa wazima wanapiga mayowe. Nikasema wimbo ni wa mama mmoja anaitwa Seiko Matsuda, nikapita zangu. Weee! Maswali yaliyokuja hapo, mpaka safu nzima ya mwezi huu nimempa yeye, wenye maswali ya mapenzi na mikopo mtanisamehe, zamu yenu mwezi ujao.

SWALI: Anti shikamoo. Mi nilijua ule wimbo ni wa Hanni kumbe una mwenyewe! Sasa huyo Seiko ni nani, yuko hai bado, na alianzaje? – Mpenda K-pop, Tabata

Marahaba mwanangu. Yuko hai na bado anapiga shoo. Kazaliwa tarehe 10 Machi 1962 mji wa Kurume, mkoa wa Fukuoka, kule kisiwa cha Kyushu kusini mwa Japani, na jina alilopewa na wazazi ni Noriko Kamachi, hilo la Seiko Matsuda ni la kazini. Baba yake alikuwa mtumishi wa serikali, mkali, wa nyumba yenye heshima zake. Mwaka 1978 binti akiwa bado sekondari akajiingiza kwenye shindano la jarida la wasichana la Seventeen, akashinda kanda ya Kyushu, baba akasema hapana, na fainali ya Tokyo hakwenda.

Hapo ilikuwa imeisha. Lakini kaseti ya zile sauti za washindani ikafika mezani kwa prodyuza wa lebo ya muziki ya CBS Sony anaitwa Muneo Wakamatsu, akaisikia ile sauti akaganda, akaanza safari ya kumbembeleza mzee. Mzee kakataa weee, na binti naye hakuachia, akakomaa na baba yake ndani ya nyumba mpaka mzee akalegea. Nataka mkumbuke hiyo tabia maana ndo itamfikisha huko mbele.

Singo ya kwanza ilitoka tarehe 1 Aprili 1980, Hadashi no Kisetsu, na ilitumika kwenye tangazo la sabuni ya uso ya Shiseido. Hapa pana kichekesho, Seiko alikwenda kwenye usaili wa kuonekana kwenye hilo tangazo akakosa, kisa sabuni ilikuwa inaitwa kwa jina la vishimo vya mashavuni na yeye mashavu yake hayana vishimo! Basi wakamweka mrembo mwingine mwenye navyo, sauti ikabaki ya Seiko, watu wanatazama sura ya huyu wanasikia sauti ya yule na wengi wakadhani ni mtu mmoja. Miezi mitatu baadaye, Julai, ikatoka Aoi Sangosho, yaani ndo hiyo aliyoiimba Hanni, na hapo nchi ikamjua. Kulikuwa na kipindi cha tivii cha TBS kinaitwa The Best Ten, kila Alhamisi usiku, mubashara, na kama staa yuko safarini wanamfuata hukohuko aliko. Agosti 1980 Seiko alipoingia kumi bora kwa mara ya kwanza alikuwa ndo kwanza anatua uwanja wa ndege wa Haneda, wakamshusha kwenye ndege, wakampa maiki, akaimba palepale kwenye lami ndege ikiwa nyuma yake. Miaka 18, nywele zimetimuliwa na upepo, anatabasamu tu. Itafuteni hiyo video kabla hamjaendelea kusoma.

SWALI: Hivi hawa wanaoitwa aido wa Japani wana tofauti gani na mwanamuziki wa kawaida? Naona watu wanasema "ni aido tu" kwa dharau. – Mwanafunzi, Morogoro

Swali zuri. Aido ni msichana au mvulana anayeuzwa mzima mzima, sura, tabasamu, nguo, tabia, na wimbo ukiwemo ndani ya hicho kifurushi. Mara nyingi analipwa mshahara na menejimenti, hatungi nyimbo, hachagui nguo, na maisha yake ya mapenzi ni marufuku au ni siri. Na kwa miaka ile ya sabini na themanini kulikuwa na kanuni moja ambayo hakuna aliyeiandika lakini kila mtu aliijua, kwamba aido ana muda wake. Anakuja na miaka 15, 16, anang'aa, kisha anaolewa au anazeeka, yaani anafika 22, basi anaaga.

Ukitaka kuelewa kwa nini Seiko ni habari kubwa mwangalie kwanza aliyemtangulia, Momoe Yamaguchi. Huyo ndo alikuwa malkia wa miaka ya sabini. Mwaka 1980 akatangaza anaolewa na mwigizaji mwenzake Tomokazu Miura na anaacha muziki. Tarehe 5 Oktoba 1980 akapiga shoo ya mwisho Nippon Budokan, ule ukumbi mkubwa wa Tokyo, alipomaliza akaiweka maiki yake nyeupe sakafuni katikati ya jukwaa, akageuka akaondoka. Miaka 21! Hajarudi mpaka leo, na Wajapani wanamheshimu mno kwa hilo, wanasema aliondoka vizuri. Sasa angalieni mwaka, huyu anaweka maiki chini Oktoba 1980, na mwezi huohuo Seiko anapata namba 1 yake ya kwanza kwenye chati ya Oricon, ile inayopanga mauzo ya muziki Japani. Ingekuwa tamthilia mngesema mwandishi kazidisha chumvi.

SWALI: Nimesoma mahali eti ana namba 1 mfululizo 24. Anti hiyo si ni mahesabu ya mashabiki wananunua nakala kumi kumi kama siku hizi? – DJ wa harusi, Kigamboni

Kaka DJ, kwa leo ningekubaliana na wewe, lakini 1980 hakukuwa na mambo ya kununua CD upate tiketi ya kushikana mkono na msanii, hayo yalikuja baadaye na makundi ya wasichana kina AKB48. Kipindi kile ilikuwa santuri na kaseti, unaingia dukani unanunua unatoka. Na ni kweli, kuanzia Kaze wa Akiiro ya Oktoba 1980 mpaka Tabidachi wa Freesia ya Septemba 1988, kila singo katika mfululizo ule ilikaa namba 1 Oricon, jumla 24. Rekodi kabla yake walikuwa nayo Pink Lady, wale wasichana wawili, 9 mfululizo. Yeye, kwa upande wa wasanii wanawake, ikamdumu mpaka mwimbaji Ayumi Hamasaki alipoipita mwaka 2010, yaani miaka zaidi ya 20. Na kilichokata mfululizo wake ni singo inaitwa Precious Heart, ya Novemba 1989, ikaishia namba 2, mtajiju wenyewe.

Ila namba sio habari kamili, habari kamili ni nani alikuwa anamwandikia. Hapa nitakaa kidogo, wasiopenda ufundi ruka swali linalofuata.

Wakamatsu na lebo yake hawakumwachia watunzi wa kawaida wa aido. Kuanzia 1981 mashairi mengi yakawa ya Takashi Matsumoto, huyu alikuwa mpiga dramu wa bendi ya rock inaitwa Happy End, bendi ambayo wajuzi wa muziki wa Japani wanaiona ndo chimbuko la rock ya Kijapani kwa lugha yao wenyewe. Matsumoto akaanza kuwavuta wenzake, Eiichi Otaki akatunga Kaze Tachinu ya 1981, Haruomi Hosono, huyuhuyu wa Yellow Magic Orchestra, ile bendi ya muziki wa kielektroniki, akatunga Tengoku no Kiss ya 1983. Yaani wanaume wa muziki mgumu, wenye ndevu zao, wanamtungia binti wa gauni la marinda, na hawalipui, wanatoa kazi yao bora.

Halafu kuna Yumi Matsutoya, mwenyewe ni staa mkubwa, anatunga na kuimba nyimbo zake. Walipomfuata amtungie Seiko akakubali kwa sharti la jina la bandia, alitaka kuona wimbo utasimama bila jina lake kuubeba. Akajiita Karuho Kureta, kalichezea jina la yule mwigizaji wa zamani Greta Garbo. Ukatoka Akai Sweet Pea, Januari 1982. Mashairi ya Matsumoto mle ndani yanamhusu binti ana mpenzi mwenye aibu, nusu mwaka washajuana na jamaa hata mkono hajaushika, na binti wala hakasiriki, anasema mi na huyuhuyu. Kabla ya hapo mashabiki wake wengi walikuwa wavulana, baada ya huo wimbo wasichana wakaanza kumiminika, maana ndo mara ya kwanza wanasikia mtu anaongea mambo yao. Mi huu wimbo nausikiliza mwaka wa ngapi sijui na bado nikifika kwenye kiitikio naongeza sauti.

SWALI: Salaam Anti. Wewe wapenda kusifu watu sana. Mimi nimezisikiza nyimbo zake mbili, sauti ni kijisauti cha puani, kazi kudeka tu. Sura na nywele ndizo zimembeba, sema ukweli. – Mkosoaji, Mombasa

Kaka wa Mombasa salaam, karibu na usiende. Hata Wajapani wenzake walikuwa wanasema hivyohivyo, tena kwa ukali kuliko wewe. Walimpa jina burikko, yaani mwanamke anayejifanya kadogo na kajinga ili apendwe, magazeti yakamshambulia mpaka machozi yake yakawa mjadala, eti alilia kwenye tivii bila chozi kutoka. Na nywele ni kweli zilikuwa moto, ule mtindo wa kuzipuliza pembeni ukaitwa kwa jina lake na kila msichana Japani akaenda saluni kuomba huohuo. Hata aido wenzake walianza nazo, Kyoko Koizumi aliyetoka 1982 alikuwa nazo, mpaka 1983 akazikata fupi kama za mvulana akajitoa kwenye foleni.

Lakini kwenye sauti hapo nakukatalia. Sikiliza zile za 1980, Aoi Sangosho inaanza kwa kupaa juu moja kwa moja bila kubisha hodi, ile ni sauti pana ya kifua inayojaza ukumbi bila msaada. Halafu ratiba ikamla, studio, tivii, matangazo, ziara, usingizi hakuna, 1981 koo likachoka, sauti ikaanza kukwaruza. Mwingine angeishia hapo. Yeye na prodyuza wake wakageuza namna ya kuimba, wakaacha kusukuma, wakatumia pumzi, maneno yakawa yananong'onwa, na hicho unachokiita kudeka ndo kilichozaliwa hapo. Ni ufundi ulioletwa na jeraha.

Na ushahidi upo. Mwaka 1983 kampuni ya Suntory ilitoa tangazo la bia lenye pengwini wa katuni, pengwini mmoja mwimbaji anaimba baa wimbo wa taratibu, nusu Kiingereza, na mwanzoni tangazo halikuandika ni nani anaimba. Watu wakaanza kuuliza huyu mwanamke wa jazz ni nani. Alikuwa Seiko. Wimbo ni Sweet Memories, ulikuwa umewekwa upande wa pili tu wa santuri ya Glass no Ringo, wala haukutegemewa, na leo labda ndo wimbo wake unaopendwa na watu wazima kuliko wote. Waliokuwa wanamdharau kwa sura waliipenda sauti walipofichwa sura. Kama wewe ni mtu wa Akina Nakamori, yule mpinzani wake wa 1982 mwenye sauti nzito na macho makavu, sikulaumu, nchi nzima iligawanyika kati yao, lakini usiseme huyu hajui kuimba.

SWALI: Anti naomba unisaidie, mimi ni msanii chipukizi. Lebo niliyokuwa nafanya nayo iliniambia nikiolewa nitapoteza mashabiki, na nilipopata ujauzito wakaniambia nijifiche mpaka nikajifungua, na baada ya hapo simu hazipokelewi. Nina miaka 25. Huyo Seiko aliolewa? Alizaa? Kazi ilikuwaje? – Mama wa Mmoja, Mwanza

Mdogo wangu, pole. Barua yako ndo imenifanya nimpe huyu mama safu nzima, nakwambia ukweli.

Aliolewa, tena kwa kishindo. Kwanza alikuwa na mwimbaji Hiromi Go, nchi nzima ikijua wataoana, Januari 1985 wakaachana na yeye akaita waandishi akalia mbele yao, akasema wakizaliwa tena safari nyingine watakuwa pamoja. Juni mwaka huohuo akaolewa na mwigizaji Masaki Kanda waliyecheza naye filamu! Eee, miezi mitano tu. Mnaweza kufikiria magazeti. Harusi ikarushwa mubashara kwenye tivii na watu wakaitazama siku nzima.

Sasa kwa kanuni niliyoieleza huko juu, hapo ndo mwisho. Momoe alishaonyesha njia, unaolewa, unaweka maiki chini, unakwenda kupika. Seiko akapunguza kazi, sawa, lakini maiki hakuiweka. Mwaka 1986 akiwa na mimba akatoa albamu inaitwa Supreme, ikaenda namba 1. Oktoba 1986 akajifungua mtoto wa kike, Sayaka. Aprili 1987 akarudi na singo Strawberry Time, wimbo wa kuchezeka, wa rangirangi, wala sio wimbo wa mama anayebembeleza mtoto, na ukaenda namba 1. Alirudi kuwa aido, sio kuwa mwimbaji wa heshima wa watu wazima. Akavaa yale magauni yake na Japani ikalazimika kutafuta jina jipya la kuita kitu hicho, wakaanza kusema mamadoru, mama aliye aido. Kabla yake hilo jina halikuwa na kazi.

Na usidhani walimpigia makofi. Walimsema vibaya sana, kamwacha mtoto, anazurura Marekani, ana wanaume, mama gani huyu. Kila safari ya ndege ikawa ukurasa wa mbele. Mwaka 1989 akaachana na menejimenti iliyomlea, Sun Music, akafungua ofisi yake mwenyewe, na ndani ya ule ulimwengu kuondoka namna hiyo kunaweza kukufungia milango yote. Ndoa ikavunjika 1997, akaolewa na daktari wa meno 1998, ikavunjika 2000, akaolewa tena 2012. Kila mara wanasema sasa kaisha, na kila kiangazi yuko Budokan anaimba.

Na katikati ya vurugu hizo, 1996, akatoa Anata ni Aitakute. Mashairi kaandika mwenyewe, muziki kashirikiana kutunga. Ana miaka 34, ni mama, magazeti yanamchamba kila wiki. Ikauza zaidi ya nakala milioni 1, na hiyo ndo singo yake ya kwanza kabisa kuvuka milioni. Zile 24 zote za ujana wake hakuna iliyofika hapo.

Kwa hiyo mdogo wangu kuhusu hilo la mashabiki kukimbia, jibu la kwake ni hapana, lakini sitaki nikudanganye kwamba ni rahisi. Yeye alikuwa na namba 1 karibu ishirini mgongoni kabla hajaolewa wala kuzaa, lebo haikuweza kumfungia simu. Wewe huna hizo bado. Cha kuiga kwake ni karatasi, alipotaka kuendelea kwa masharti yake alijipatia ofisi yake. Tafuta mkataba wako uusome upya na mtu wa sheria, angalia nyimbo ulizorekodi ni mali ya nani, na kama mkataba umekwisha anza kutoa mwenyewe hata moja, hata ya bei rahisi. Mtoto mpige picha ukitaka, usimpige ukitaka, hilo ni lako.

SWALI: Marekani je? Alijaribu? – Mdadisi, Nairobi

Alijaribu. Mwaka 1990 akatoa albamu ya Kiingereza inaitwa Seiko tu, na wimbo The Right Combination kaimba na Donnie Wahlberg wa New Kids on the Block, wakati kundi hilo liko juu kweli. Ukafika namba 54 kwenye Billboard Hot 100. Sio aibu, sio ushindi. Waandishi wa kwao walicheka wee, ila waliocheka hakuna aliyewahi kufika hiyo 54. Kikubwa alichorudi nacho nadhani ni kuona wasanii wanawake wa kule wana miaka 40 na wanajaza kumbi.

SWALI: Bibie, salaam kutoka Maskati. Wanangu walikuwa wakitazama Frozen kila lugha, nikaambiwa yule Anna wa Kijapani ni binti yake huyo Seiko na kwamba ameshafariki. Ni kweli? – Umm Salma

Salaam dada yangu. Ni kweli. Sayaka Kanda alikua akawa msanii kamili, jukwaa la muziki wa maigizo lilikuwa lake hasa, na 2014 sauti yake ya Anna kwa Kijapani ilipendwa nchi nzima. Mwaka 2011, mwaka wa lile tetemeko na tsunami, mama na mwana waliimba pamoja kwenye Kohaku, lile tamasha la NHK la mkesha wa mwaka mpya ambalo karibu kila nyumba Japani inalitazama. Na 2014 Sayaka kaimba nyimbo za Frozen kwenye Kohaku hiyohiyo ambayo mama yake ndo alifunga pazia kama mwimbaji wa mwisho kabisa, nafasi ya heshima kuliko zote.

Tarehe 18 Desemba 2021 Sayaka alifariki Sapporo alikokuwa kwa ajili ya onyesho. Alikuwa na miaka 35. Seiko na Masaki Kanda, wazazi walioachana miaka mingi, walisimama pamoja mbele ya waandishi, sauti ya mama ilikuwa haisikiki vizuri. Akafuta shoo zake za Desemba, akajitoa Kohaku ya mwaka ule. Mwaka uliofuata akarudi jukwaani. Zaidi ya hapo mimi sitaandika, yameandikwa mengi na mengi hayakuwa na haja. Mungu ampe subira.

SWALI: Na sa hivi anafanya nini? Bado anavaa yale magauni? – Fundi cherehani, Arusha

Hahaa fundi, wewe umeuliza la maana. Ndiyo! Anavaa. Marinda, riboni, kuna mengine yana upana wa kutosha kushona manne ya send-off, na anabadili mara kadhaa ndani ya shoo moja. Kila kiangazi ni ziara, na Budokan pale keshapiga zaidi ya mara 100, hakuna mwanamke aliyemfikia. Mwisho wa mwaka kuna shoo za chakula cha usiku kwenye mahoteli makubwa, tiketi yake ni makumi ya maelfu ya yen kwa kichwa na zinaisha, wanaokuja ni walewale wavulana wa 1980 ambao sasa wana vipara, wengine wamewaleta mabinti zao. Bado wanapiga zile kelele za kumwita kwa mpangilio kama walivyofundishana enzi hizo. Mi huwa naona hicho ndo kitu cha ajabu kuliko rekodi zote, mama ana miaka sitini na kitu anaimba kuhusu busu la kwanza na hakuna anayecheka, kwa sababu hajifanyi ana miaka 18, anauimba wimbo vile ulivyo na anaheshimu kwamba ni wa kwao wote.

Katoa pia albamu ya jazz mwaka 2017. Na hili wengi hamjalisikia, mwaka 2020 alijiunga na chuo kikuu cha Tokyo kinachoitwa Chuo (ndo jina lake kwa Kijapani, sijakosea), masomo ya masafa, kitivo cha sheria, akasoma kimyakimya, akahitimu 2024 akiwa na miaka 62. Ukimwona mtu kama huyo ujue mikataba yake anaisoma mwenyewe, Mama wa Mmoja umesikia?

SWALI: Anti usinimalizie bando. Nipe nyimbo za kuanzia tano tu. – Bando Dogo, Kahama

Haya mwanangu, kwa bando lako. Anza na Aoi Sangosho, ile ya uwanja wa ndege kama unaweza kuangalia, kama huwezi sikiliza tu. Halafu Akai Sweet Pea usiku ukiwa umetulia. Ya tatu Sweet Memories, na hii usiisikilize kwa spika ya simu, tafuta hedifoni hata ya kuazima. Ya nne wengi watakwambia Anata ni Aitakute na mimi nakubali, ila kama hupendi kulia kabla ya kulala iache mpaka Jumamosi. Ya tano ni ugomvi wangu na mashabiki wake, wao watataka Ruriiro no Chikyu, ile ya kwenye albamu ya Supreme ambayo mpaka shule za Japani wanaiimba kwaya, nzuri sana sikatai, lakini mimi nakupa Tengoku no Kiss kwa sababu ya lile besi la Hosono na jinsi anavyoingia kwenye ubeti mapema kidogo kabla hujajiandaa. Zote tano hazifiki dakika 25, bando litabaki.